Marekani Iliyokataa Kuoza

Mkonze, Dodoma
14 Januari 1995

Kwa Bibi yangu, mke mwenzangu,

Wala sikuwa nimemaliza, Bibi. Karatasi ndiyo iliyokwisha, maneno bado. Nilikuwa nimefika pale Anuari aliponitoa jikoni akasema, "Leo napika mimi." Basi akapika. Chai ilikuwa na majani mengi kuliko maji, na chapati zilikuwa ngumu kama soli ya kiatu. Nilizila zote huku namtazama, na kila nilipotafuna alikuwa akinitazama usoni kama mwanafunzi anayengoja matokeo.

Nimekosa adabu, nimetanguliza chapati mbele ya salamu. Shikamoo Bibi. Magoti hayajambo? Mtama wa juu umesimama? Na vitunguu vya bondeni? Sisi wazima. Vyumba vyetu viwili vimepakwa chokaa, na nimepanda mchaichai mlangoni. Jirani yangu ni Tereza, Mgogo wa hapa hapa Mkonze, muuza maziwa. Hunipimia na kunizidishia kidogo, kisha hukaa kunichungulia ndoa yangu mpaka jua lichome.

Tangu siku ile ya harusi uliposhika mkono wa Anuari mbele ya watu ukasema wewe ndiye mke mkubwa na mimi nimeletwa kukusaidia kuosha vyombo, hakuiti Bibi tena. Asubuhi husema, "Mke mkubwa anaendeleaje Gulwe?" Nami huwa na wivu, kweli kabisa!

Kazi yake katika kile kituo cha utafiti wa udongo inaendelea. Watoto wa hapa wanamwita Bwana Udongo. Juzi kaniletea jora zima la marekani, ile pamba nyeupe, nzito, ambayo siku hizi za mitumba huipati ovyo. Alisema sehemu ni ya kazini, nyingine nifanye nipendavyo. Nimeanza kudarizi foronya kwa uzi wa waridi: LALA SALAMA. Moja niliiharibu, herufi zikalala upande, nikaiweka kando. Kesho yake sikuiona.

Halafu nikuchekeshe. Jana, wakati ambao mume mwingine angemwambia mkewe maneno ya asali, huyu kaniuliza, "Lulu, yale mabua ya mtama ambayo Bibi hufukia bondeni, huchukua muda gani kuoza?" Mabua, Bibi! Nikamwambia kamuulize mke mkubwa.

Mjukuu wako mwenye raha,
Lulu

*

Gulwe
6 Februari 1995

Mke mdogo,

Marahaba. Barua zako zote mbili zilifika siku moja, ya chapati na ya kabla ya chapati. Nimezisoma mwenyewe kwa miwani, sikumpa mtu, maana nyingine zina mambo ya kuona haya.

Huku tumeanza mfungo salama. Mtama wa juu umesimama vizuri, mvua imeupenda. Vitunguu vya bondeni usiniulize. Navinywesha maji kila jioni kama watoto, na bado vimenuna. Samadi niliyomwaga mwaka juzi nikiipiga jembe naiona ile ile. Labda jua.

Kisima cha baba yako kinatoa maji, alhamdulillahi. Kila anayejaza ndoo husema, "Mungu amrehemu Mbaruku." Mtoto wangu alikufa kijana, hakuacha nyumba wala shamba. Lakini ameacha maji: fedha aliyousia ndiyo niliyomlipa fundi wa mjini wewe ukiwa darasa la nne, na maji hayo yanamwandikia thawabu usiku na mchana. Hilo ndilo linalonipa usingizi.

Magoti yangu hayajambo. Usiyaulize kila barua.

Mume wetu alikuja Alhamisi kwa mke mkubwa. Ana haya huyo! Hakubisha hodi. Alikwenda moja kwa moja bondeni, akainama huko kama mtu aliyeangusha sindano, kisha akaondoka zake. Mfungo gani huo unaomfanya mwanamume aukimbie uji wa mkewe?

Bibi yako,
Mwanamvua

*

Mkonze
20 Februari 1995

Bibi yangu kipenzi,

Shikamoo. Saumu inakwendaje? Huku tunafuturu tambi na maharage, na Anuari hunichagulia tende kubwa kuliko yake. Nikikataa, huikata katikati akanipa upande usio na kokwa. Niambie, Bibi, babu aliwahi kukufanyia hivyo?

Utani wako umenichekesha mpaka Tereza akaja kuuliza kulikoni. Alhamisi ile Anuari alikuwa Kondoa kwa kazi. Nilimfungia mwenyewe mkoba, nikamwekea kanzu safi. Alirudi amechoka, viatu vimejaa udongo, nami nikaviosha huku naimba.

Nilimsomea barua yako wakati wa futari. Nilipofika pale pa "hakubisha hodi", kijiko kilimponyoka. Akakiokota, akasema, "Bibi ana utani sana," akatoka kwenda kunawa mikono. Alikuwa ameshanawa. Nadhani uliposema "mke mkubwa" aliona haya. Ana moyo laini, hujui tu.

Tereza ana mdomo. Aliliona jora kabatini akasema, "Shoga, marekani yote hii, mmefiwa?" Nikamwambia sisi tunadarizi foronya. Akasema, "Foronya haivuki mita mbili. Humu mnavika maiti kijiji kizima." Nilinuna mpaka jioni.

Lakini nimelipima jora kwa macho, Bibi. Limepungua, na foronya bado ni zile zile.

Haya ni mambo madogo. Nimeyaandika kwa sababu nimezoea kukwambia yote.

Wako,
Lulu

*

Gulwe
9 Machi 1995

Mjukuu wangu Lulu,

Marahaba. Idi imepita salama, Mungu azikubali saumu zetu. Mbuzi alichinjwa, jirani yangu Yotham alileta ugali na mlenda akala nasi, yeye na watoto wake wote.

Sasa acha kucheka unisikilize. Sikutania.

Alhamisi ile mumeo alikuwa shambani kwangu. Mimi nilimwona kwa mbali nikadhani macho yamezeeka, ndiyo maana nikaandika kwa mzaha, uniambie ni yeye au si yeye. Ukanijibu Kondoa. Nikamwendea Yotham, ambaye shamba lake limepakana na langu. Akasema, "Mama, shemeji yetu huyu si mara yake ya kwanza. Tangu harusi anakuja. Huchimba, hufukia, huondoka. Nilijua umemtuma."

Nikaenda bondeni na jembe dogo. Sikuchimba sana. Kwanza uzi mwekundu umefungwa kwenye kijiti. Nikauvuta. Uzi ukaleta kitambaa cheupe. Marekani, Lulu. Mimi nimeosha wanawake wenzangu waliokufa tangu ujana wangu, naijua marekani inapotoka ardhini na inapoingia. Nikavuta uzi mwingine, marekani. Cha tatu kimeandikwa kwa uzi wa waridi. LALA SAL. Hapo kimekatwa kwa mkasi.

Nani asiyeijua mishono yako? L yako ina mkia kama wa paka, nilikugombeza tangu darasa la nne. Mume amechukua kitambaa cha mikono ya mkewe, akakikata kama sanda, akakifunga uzi mwekundu, akakizika katika shamba la bibi yake, kimeandikwa lala salama. Nani alale? Mimi au wewe?

Kitambaa kilikuwa cheupe kama siku ulipokidarizi. Ardhi haikukigusa. Nimezika watu na mbwa na vifaranga, sijaona ardhi isiyokula.

Sikwambii umwache. Nakwambia tazama chini ya kitanda. Na chai yake usinywe mpaka anywe yeye.

Bibi yako,
Mwanamvua

*

Mkonze
28 Machi 1995

Bibi,

Shikamoo. Sisi wazima. Mvua zinanyesha. Mchaichai umekuwa mkubwa.

Barua yako nimeificha ndani ya pipa la unga. Nimeisoma mpaka imeanza kuchakaa. Siku ya kwanza nilikasirika nawe, nikaandika barua mbaya nikaichana. Siku ya pili nilitazama chini ya kitanda.

Kuna mifuko, Bibi. Mifuko midogo ya nailoni imefungwa vizuri, kila mmoja na karatasi yake. Ndani ni udongo. Mmoja umeandikwa kwa mwandiko wake mzuri, ule alioniandikia barua za uchumba: "Gulwe, bondeni." Niliufungua nikanusa. Ulinuka nyumbani. Nikalia, sijui kwa nini nalia ovyo siku hizi.

Sijamuuliza. Najua utanigombeza. Kila nikifungua mdomo, ananitangulia na neno zuri. Jana kaniletea ndizi mbivu katika kofia yake kwa sababu mfuko ulipasuka njiani, amelowa mvua, anacheka. Nimuulizeje mtu kama huyo kama ananizika?

Chai sasa napika mwenyewe. Ameona. Akasema, "Siku hizi huipendi chai yangu?" Nikasema inanichefua. Wala si uongo, vitu vingi vinanichefua.

Tereza ameniuliza mbona nimekonda. Nikamwambia ni joto. Akatazama mvua, akanitazama mimi, akaondoka na maziwa yake.

Mengine sitaandika.

Lulu

*

Gulwe
20 Aprili 1995

Lulu,

Barua yako imechukua wiki na wiki. Mafuriko yalibeba tuta la reli hapa kwetu, treni zikasimama, hata chumvi iliadimika.

Nimeng'oa vitambaa vyote nilivyoviona. Kumbe alivizika hata huku juu, kwenye mtama. Sikiliza ajabu. Vya juu vilikuja vipande vipande, vimelika, vingine nyuzi tupu, kama marekani inavyopaswa kuwa ardhini. Vya bondeni vyote vizima. Na kadiri nilivyosogea karibu na mfereji unaoleta maji kutoka kisimani, ndivyo vilivyozidi weupe. Maana yake dawa kaitia bondeni, kwenye vitunguu vyangu, ndiyo maana vimenuna.

Ningepanda treni nije nikuchukue leo, lakini magoti yamekaza, siku hizi nasali nimekaa. Basi nijibu neno moja tu. Umemuuliza?

Usipojibu, nitakuja hata kwa kubebwa.

Bibi

*

Mkonze
11 Mei 1995

Bibi yangu,

Shikamoo, na heri ya Idi ya kuchinja. Kaa chini kabla ya kusoma. Weka miwani vizuri.

Nimemuuliza. Ila haikuwa kwa ujasiri, ilikuwa kwa udongo.

Nianze na aibu yangu. Tangu nilipoufungua mfuko ule wa Gulwe, nilikuwa nikiurudia. Mwanzo nilinusa tu. Halafu nilimega kidonge nikakiweka ulimini. Jumamosi nilikuwa nimekaa kitandani, mfuko mapajani, natafuna, Anuari akaingia.

"Unakula nini?"

"Udongo."

"Udongo gani?"

"Wa kwetu."

Bibi, mwanamume ambaye hajawahi kunipandishia sauti aliniruka. Alinitia kidole mdomoni kama mtoto. "Tema! Lulu, tema wote! Sokoni umejaa udongo wa kula, umekosa mwingine mpaka huu?"

Nikatema. Nikamwambia, "Kumbe Bibi ni mkweli. Kumbe kuna dawa." Nikaenda kwenye pipa la unga, nikamtupia barua yako. "Soma. Soma ulichomzika nacho bibi yangu."

Alisoma amesimama. Akakaa sakafuni. Alipofika kwenye LALA SAL akaanza kucheka, nami nilikuwa na mwiko mkononi, Mungu ndiye aliyenizuia. Kisha kicheko kikakatika. Akasema, "Amevitoa vyote?"

"Ndicho unachouliza?"

"Lulu, vile vilikuwa vipimo."

Basi akanieleza, nami nakueleza kama nilivyoelewa. Anasema udongo ni tumbo. Ndani yake kuna vijidudu vidogo visivyoonekana kwa macho, bakteria na jamii za ukungu, na katika kiganja kimoja ni vingi kuliko watu wa Dodoma nzima. Hao ndio wanaokula mabua, samadi na marekani ya maiti, wakavigeuza chakula cha mimea. Wapo wanaoanza kazi na wapo wanaomalizia, kama wapishi wa shughuli. Marekani ni pamba tupu, haina kingine. Ukiifukia na ukaikuta imelika, unajua wapishi wapo. Ukiikuta nzima, jiko limezimwa. Uzi mwekundu ni wa kuonekana tu. Na kile cha waridi ni kwamba siku ile alipungukiwa kitambaa kimoja, akachukua foronya niliyoiharibu, akaikata bila kusoma. "Nilidhani umeitupa," anasema. Wasomi wetu hao.

Nikamwambia, "Maneno mazuri huna shida nayo." Bibi, barua yako ya Aprili ilikuwa imefika siku mbili nyuma, sijamwonyesha. Nikamuuliza, "Kama ni vipimo, sema vipi vilioza na vipi havikuoza." Hakufikiri hata. "Vya juu vimeoza. Vya bondeni vizima. Vilivyo karibu na mfereji vizima zaidi." Neno kwa neno kama ulivyoandika.

"Kwa nini mfereji?"

Nilijua sasa tumefika kwenye lile alilokuwa akilikwepa tangu harusi. Alichukua mikono yangu yote miwili, nikaikwapua. Akasema akitazama chini:

"Ni maji."

Siku ya harusi aliona meno ya watoto waliokuwa wakiimba, yana madoa ya kahawia. Akachukua chupa ya maji ya kisimani, akayapima kazini kwake. Yana madini yanayoitwa floraidi, mengi mno. Hutoka kwenye miamba ya chini sana. Visima vya wazee vya mchangani kwenye korongo havikuyafikia, lakini mashine ya yule fundi wa mjini ilichimba mpaka huko, na hakuna aliyeyapima. Kidogo hakidhuru. Kikizidi, kinapaka meno ya watoto rangi, na kwa miaka kinaingia mifupani, kinakaza viungo. Na udongo unaonyweshwa maji hayo kila jioni, wapishi wake wengine hufa, wengine huacha kazi, wanabaki wachache wastahimilivu ambao hawatoshi. Anasema bado hajajua kama ni floraidi peke yake au na magadi yaliyomo. Ndiyo maana alikuwa akirudi kuchukua udongo, apate hakika kwanza.

Nikamuuliza kwa nini aliniambia Kondoa. Akasema, "Ningesema Gulwe ungetaka kuja. Ungekunywa maji. Na ungeniuliza nafanya nini. Ningemwambia nini Bibi? Kwamba maji anayomwombea mwanawe ndiyo yanayoharibu watoto? Nilitafuta maneno, sikuyapata. Nikaendelea kupima."

Bibi, sijui kama nimeandika vizuri. Nimelia juu ya karatasi, utaona wino. Mimi nilimpenda baba kwa kile kisima kuliko kwa sura yake, maana sura siikumbuki.

Anuari nimemwamini nusu. Nusu nyingine nimeiacha mikononi mwako.

Lulu

*

Gulwe
29 Mei 1995

Lulu,

Marahaba.

Nilipomaliza kuisoma barua yako niliikunja nikaiweka chini ya jiwe la kusagia, nikasema sitaijibu. Nikachota maji ya mwanangu nikanywa gilasi nzima, kwa hasira.

Nikajiambia, huyu anasema kweli vya juu vimeoza na vya chini havijaoza, lakini mchawi naye anajua alichozika na alipokizika. Hicho si kipimo. Nikafikiri siku kadhaa. Kisha nikakumbuka bustani ya Yotham. Anainywesha maji ya kisima kile kile kwa mfereji ule ule, na mumeo hajawahi kuikanyaga, Yotham ameapa kwa Biblia yake. Nikamwambia, "Baba, nichimbie pale ulipofukia mabua." Akachimba. Mabua ya mwaka juzi, Lulu. Yamelala humo kama yaliyovunwa jana, yanalia chini ya jembe. Yotham akasema, "Nilidhani ni mchwa tu wamehama."

Kisha nikawaita wanawe nikawaambia wacheke. Yule mkubwa, aliyezaliwa kabla ya kisima, meno yake meupe. Wawili waliozaliwa baada yake, kahawia. Tulikuwa tukisema ni ugoro wa babu yao. Nilicheka nao ili wasione uso wangu.

Basi mwambie mume wetu hivi. Mchawi si yeye. Lakini alinifanya mtoto, na hilo nitalisema mbele yake. Aliniogopea uchungu, akaniachia maji. Angebisha hodi Alhamisi ile, angepata uji na matusi, na kazi ingekwisha siku ile ile.

Nimemwendea shehe. Sikumweleza yote. Nikamuuliza, mtu akitoa sadaka kwa nia safi, kisha ikadhihirika ina kasoro? Akasema nia imeshaandikwa, lakini kasoro ukiijua na ukanyamaza, hiyo ni yako. Kwa hiyo Mbaruku amesalimika. Aliyebaki na kazi ni mimi.

Sijafunga bomba la kisima. Nimechukua kopo, nimeanza kunywa ya korongoni kama zamani, watu wananiuliza kulikoni, nasema daktari kaniambia. Nimetaka kuwaambia kweli, ulimi unagoma. Sitaki kusimama pale peke yangu. Habari za udongo ni zake, jina la mwanangu ni langu. Asimame upande mmoja, mimi mwingine, tuwaambie: ya kisima ni ya kufulia na kufyatulia matofali, ya kunywa tuchote mchangani. Msikiti una bati jipya, nimeshawaza tangi la mvua pale. Sadaka inaweza kuhama, kama watu wanavyohama.

Halafu wewe. Unaniandikia udongo, kilio, chai inakuchefua, na "mengine sitaandika". Unadhani nilizaa kwa kusimuliwa? Mwanamke hali udongo wa bure. Mke mdogo, miezi mingapi?

Bibi yako,
Mwanamvua

Kile kitambaa cha waridi sijakitupa. Nimekifua, nimekianika. Kinatazamika.

*

Mkonze
10 Juni 1995

Bibi yangu, mke wangu mkubwa,

Shikamoo, shikamoo, shikamoo! Minne inaingia mitano. Nilitaka kukwambia kwa mdomo, nione utakavyojifanya hukushtuka. Anuari alijua siku ile ile ya udongo. Alipomaliza kunisafisha mdomo alianza kuhesabu kwa vidole, kisha akatoka mbio akarudi na udongo wa kula wa sokoni, mfuko mzima, akaniambia huu ameupima! Na chai amerudi kuipika. Nainywa, bado mbaya, nampenda mpaka naona haya kuandika.

Tereza anasema alijua kabla yangu. Anataka mtoto aitwe kwa jina lake akiwa msichana. Nimemwambia foleni ni ndefu.

Nilimsomea Anuari barua yako neno kwa neno. Pale pa "aliniogopea uchungu, akaniachia maji", aliomba nirudie. Nikarudia. Akasema, "Kweli tupu." Tangu siku hiyo anafanya mazoezi ya kuwaambia watu wa Gulwe, amesimama mbele ya mchaichai, nami ndiye kijiji, namuuliza maswali magumu. Bado anasema "floraidi" mno. Nimemwambia aanze na mabua, mabua kila mtu anayajua. Shamba la bondeni anashauri ulipumzishe, lisinyweshwe tena maji ya kisima, liachiwe mvua, na udongo wa juu ubebwe kidogo kidogo kuchanganywa nao, uende na wapishi wake. Anasema itachukua miaka. Nimemwambia sisi tunayo.

Tutakuja na madumu ya maji ya kunywa kwa ajili yangu, usikasirike. Na nimedarizi kitambaa kipya cha marekani, kwa uzi ule ule wa waridi, L sina safari hii, maana nimeandika AMKA. Tutakifukia bondeni sisi watatu, mchana, watu wakiona, na mvua ikipita nitakuomba ukivute. Nataka ukute nyuzi tupu.

Hicho cha kwanza kihifadhi. Nitakishonea mto wa mtoto, kiishie hapo hapo kilipokatwa.

Likizo yake imekubaliwa na reli imeshatengenezwa. Kabla mwezi huu haujaisha, Bibi, tutakuwa mlangoni kwako, na safari hii mume wetu atabisha hodi.

Lulu